Nani Anaweka Chumvi Kwenye Shemine?

Jumatatu. Mbarara imeamka na ile mvua ndogo isiyolowesha mtu wala kumwacha mkavu, na mimi nimeamka na kisirani.

Nimetoka kwangu Rubondo, ndani ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale, alfajiri, boda mpaka Kaberebere, taksi mpaka mjini. Nimefika kwa Madam sketi ina matope, na sikubadilisha hata nguo. Nilienda moja kwa moja sebuleni kuangalia mawe.

Chumvi ilikuwepo tena.

Kwa asiyejua kazi yangu: nafanya kazi za ndani kwenye nyumba moja ya mlimani hapa mjini. Nalala huko huko, halafu Jumamosi jioni narudi Nakivale kwa watoto wangu na kwa kanisa. Sebuleni kuna shemine, jiko la ukutani la kuotea moto, limejengwa kwa mawe ya asili, makavu, ya rangi ya udongo, yamepangwa mpaka karibu na dari. Kwetu Kivu nilikuwa nayaona kwenye nyumba za zamani za Wazungu tu. Madam analipenda kuliko televisheni. "Faida, hii mawe ndiyo sura ya nyumba yangu," aliniambia siku nilipoanza, na nilielewa kwamba sura ikiharibika, mimi ndiye nitakayetoka.

Namna ya kuyatunza hakunionyesha. Nimetumia akili yangu. Majivu nangoja yapoe kabisa ndipo nayachota. Masizi nayasugua kwa burashi ngumu. Ndimu sithubutu, maana najua inakula mawe. Halafu Jumamosi, kabla ya kuondoka, nayaosha kwa sabuni na maji mingi, ndoo baada ya ndoo, mpaka yanakuwa safi kuliko sahani za mezani. Mimi nikiosha kitu, kimeoshwa.

Lakini kila nikirudi nakuta unga mweupe umetambaa juu ya mawe. Mara ya kwanza nilidhani ni chokaa. Nikagusa kwa kidole, nikaweka kwenye ulimi. Chumvi.

Sasa chumvi inapanda ukutani yenyewe?

Mama yangu mdogo alikuwa akisema mtu akikumwagia chumvi fasi unapofanyia kazi, anataka kazi yako ikauke. Mimi ni mtu wa kanisa, haya mambo siyaamini. Lakini kuamini ni kitu kimoja na kuogopa ni kingine.

Nyumbani tuko wanawake watatu. Mimi, Madam, na Mukaaka. Mukaaka ni mama wa bwana wa Madam. Wanyankore ndivyo wanavyomwita bibi. Kwake ni Rugaaga, lakini miguu inamvimba, na huko hakuna wa kumpelekea hata maji ya kuoga, basi mtoto wake alimleta hapa kabla ya kurudi kazini Kampala. Siku nzima anakaa mbele ya shemine, anachoma ndizi kwenye makaa, ananitazama nikifanya kazi. Na chini ya kitanda chake kuna kopo la chumvi ya ng'ombe. Nililiona nikifagia. Ng'ombe wenyewe tangu lini wamelala Mbarara?

Halafu kuna maneno yake. Kila Jumamosi nikishika ndoo ananinyooshea kidole: "Wewe Faida, chunga maji." Kwetu Kivu ukimwambia mtu achunge kitu, unamwambia akiweke, asikimalize. Nikajua bibi anaogopa bomba litakatika. Nikajaza madumu manne, nikayapanga nyuma ya jikoni, nikaendelea kuosha. Akarudia, "Chunga maji," safari hii kwa hasira. Nikajaza la tano. Moyoni nikasema, huyu mzee anataka kunichosha mpaka nikimbie mwenyewe, halafu amlete mjukuu wake ashike kazi yangu.

Unga ukazidi. Mimi nikazidi kuosha.

Jumatatu iliyopita nilishindwa kunyamaza. Nilimwambia Madam: hii chumvi inatoka chumbani kwa Mukaaka, nendeni mkaangalie chini ya kitanda. Madam hakuuliza swali hata moja. Hilo lilinishangaza, kwa sababu ni mtu wa maswali. Nyanya moja ikioza atauliza imeoza saa ngapi. Alilichukua kopo, akampigia bwana wake simu, nikasikia akisema akili ya mama imeanza kupotea, bora apumzike kwake Rugaaga. Mukaaka aliita kutoka kwenye kiti chake: "Mimi hapana weka chumvi kwa jiwe. Mimi iko mzee, hapana mujinga." Madam aliendelea na simu. Mimi nikashika fagio.

Jumamosi nikataka ushahidi, maana yale maneno yake yalinikaa vibaya. Nilimwomba Madam wasiwashe moto hadi nirudi. Nilikuwa nimeosha upande mmoja tu, wa kushoto, dereva wa Kaberebere akapiga simu kwamba taksi imejaa, amenishikia kiti cha mwisho. Nikaacha nusu. Lakini kabla ya kutoka nikachukua majivu makavu, nikayanyunyiza sakafuni mbele ya shemine, laini kabisa. Bibi akipita, unyayo utasema.

Leo asubuhi majivu yako vilevile. Hakuna unyayo, hakuna alama ya fimbo yake.

Na upande wa kushoto ni mweupe.

Nitasema ukweli, wazo la kwanza lilikuwa kwamba huyu mzee anaruka. Nilisimama pale nikipima umbali kutoka kwenye kiti chake. Ndipo nikaangalia upande wa kulia, ule ambao maji hayakuufikia. Hauna kitu. Masizi yake yako pale, machafu, lakini unga wa chumvi hata kidogo.

Nikajibu moyoni kwamba ni bahati tu. Nikaingia jikoni, nikachemsha chai, nikampelekea Madam. Mukaaka alikuwa karibu naye. Madam akanyoosha mkono bila kuangalia, na bibi akamshika kiganja haraka: "Chunga chai. Iko moto."

Nilibaki nimeshika sinia. Nani anahifadhi chai ya moto?

Kiswahili cha Mukaaka ni cha kambi ya jeshi, alikipata kwa marehemu bwana wake aliyekuwa askari. Kwao chunga ni jihadhari. Miezi yote hii bibi alikuwa ananiambia nijihadhari na maji. Mawe yanayanywa, na yakikauka yanatoa nje chumvi iliyokuwa ndani. Nilitakiwa kuyapiga burashi kavu, basi. Mimi nikamjazia madumu matano.

Nimeona haya, sijui niandike vipi. Mama mzima wa watoto watatu.

Mvua ilipokatika na Mukaaka akaenda kuota jua mlangoni, nilimwambia Madam yote. Nilimwonyesha kushoto na kulia. Nilimwambia kosa ni langu, na kama ni kunifukuza, anifukuze.

Madam alikunywa chai yake. "Faida, wacha hiyo maneno. Gari imeshapangwa, kesho bwana anakuja kuchukua mama yake. Wewe kazi yako iko. Usiharibu."

Hajaangalia hata mawe. Yeye anayeyapenda kuliko televisheni.

Tangu asubuhi nageuza neno hilo kichwani. Nisiharibu nini? Nilidhani nilimpa habari. Sasa nafikiri nilimpa sababu ya kumtoa bibi, na alikuwa anaitafuta kabla mimi sijaonja ule unga. Labda nakosea. Wiki hii nimekosea mingi. Lakini hili silioni kama kosa.

Mchana Madam amenituma nimfungashie bibi. "Weka zote," amesema, "hata koti." Nikaingia chumbani. Mukaaka yuko kitandani, miguu juu ya mto, amefurahi. Hakuna aliyemwambia ukweli. Anadhani anaenda kusalimia ng'ombe. Ameniambia, "Weka gomesi mbili tu. Jumamosi mimi narudi." Halafu akaniuliza kama watoto wangu wa Rubondo walikula vizuri jana.

Nilifungua kabati. Gomesi zake, magauni marefu ya heshima, hazifiki kumi, zote zinanuka moshi wa shemine.

Nimeweka mbili. Nyingine nimezirudisha, nikafunga kabati. Kesho mtoto wake akiushika mfuko na kuniuliza mbona mwepesi, nitamwambia mama yake anajua anarudi Jumamosi, na ile chumvi ililetwa na maji yangu, Madam akiwa hapo hapo anasikia.