Mahari Yangu Imekwama kwenye Daraja la Bure

Jumamosi, Same.

Upepo wa leo umebeba vumbi lote la stendi ukaniletea sebuleni. Nimefunga madirisha, nimekaa kitandani na viatu vyenye tope la Vudee, na hali ya moyo wangu sitaki hata kuieleza. Lakini nitaieleza, maana nikinyamaza nitapasuka.

Mimi si bahili.

Naanza na hilo kabla hamjasoma mengine mkanihukumu. Nchi nzima inatusema sisi Wapare, eti tuna mkono wa birika, eti tunauza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku. Huwa nacheka nao. Mimi ni mtu wa kupima tu. Napima kabla ya kutoa, na nikishapima, mara nyingi naona hakuna haja ya kutoa.

Leo ilikuwa siku ya kupeleka mahari kwa kina Nakijwa, Vudee. Nakijwa ni mchumba wangu, na nampenda, na hilo nalo liandikwe mapema.

Kazi yangu ni kuweka maandishi ya chini kwenye video za kampuni moja ya nje, nao wananilipa kwa dola za kidijitali. Dola hizo zinaingia kwenye blockchain moja ndogo, yaani mtandao wa kutunzia na kutumia pesa za aina hiyo. Jamaa wa Moshi anayezinunua na kunipa shilingi anazitaka kwenye ile kubwa, nyingine hataki hata kuzisikia. Sasa pesa ya blockchain moja haiwezi kujiendea yenyewe kwenye nyingine. Lazima uivushe, na huduma za kuvusha ndizo wanaziita madaraja.

Yalikuwepo mawili. La kwanza la haraka: unabonyeza, unachemsha chai, pesa imefika, ila wanakata ada. La pili ni la mtandao wenyewe, limeandikwa bure, ila linachukua siku saba. Kwa nini saba? Kwa sababu ule mtandao mkubwa hauamini mtu. Unasema tukae wiki nzima, mwenye ushahidi kwamba huyu anadanganya ajitokeze. Kipindi cha pingamizi! Niliposoma hivyo nikajua aliyebuni kitu hiki ana wajomba Upareni.

Ada ya lile la haraka ilikuwa kama bei ya kilo moja ya nyama. Nikajiambia haraka haraka haina baraka. Nikabonyeza la bure, wiki iliyopita, siku zikiwa zinatosha kabisa, nikalala usingizi wa mtu mwenye akili.

Leo asubuhi Mjomba Elinami, ambaye ndiye mshenga wangu, akaja na suti yake ya kijivu na gari la kukodi. Mablanketi yamo, kreti za soda zimo, imebaki pesa tu. Nikafungua simu.

Pesa haijafika.

Kumbe lile daraja lina vitufe viwili. Ukibonyeza cha kwanza unasubiri kidogo, halafu unarudi kubonyeza cha pili cha kuthibitisha, na hapo ndipo siku saba zinapoanza kuhesabiwa. Na hicho cha pili nilikiona! Kilikuwa kinadai ada kidogo ya mtandao mkubwa. Nikasema ni walewale, wameanza kunikamua, nikafunga ukurasa. Wiki nzima pesa yangu imekaa katikati, huku haipo na kule haipo. Leo nikakibonyeza, na ada ilikuwa imepanda, imeipita ile kilo ya nyama. Kughairi hakuna, hata ulie. Siku saba ndiyo kwanza zimeanza.

Mjomba alisikiliza maelezo yangu yote mpaka mwisho, akasema, "Ngoja ngoja huumiza matumbo, mpwa wangu." Nikamwomba anikopeshe. Akanitazama kana kwamba nimemwomba figo. Naye ni Mpare.

Kuahirisha hakukuwezekana, Vudee walishachinja. Tukapanda mlima na mablanketi yetu na soda zetu, bila pesa.

Kule kulikuwa na ukungu na baridi ya kukata masikio. Kama desturi ilivyo, bwana harusi mtarajiwa hana sauti siku hiyo, mshenga ndiye anayesema. Nikaamkia, shikamoo kwa kila mmoja, nikawekwa nje kwenye benchi, chini ya dirisha. Kila neno nililisikia, na nilitamani nisingelisikia.

Mjomba akakohoa. Akawaambia wazee kwamba pesa ipo, ila iko njiani, inatoka mtandao mmoja kwenda mwingine.

"Mbona mimi nikimtumia mwanangu wa mtandao mwingine inafika papo hapo?" Huyo alikuwa Baba Nakijwa, mzee wa kanisa, mtu wa kuuliza swali moja linalotosha.

"Ya papo hapo ipo, mzee. Kijana alichagua ya wiki."

"Kwa nini?"

"Ni nafuu."

Nilisikia mtu akiweka kikombe chini. Nikaomba ardhi ipasuke, ila iwe pembeni ya benchi kidogo, nisiharibu suruali.

Mjomba, Mungu ambariki, akaokoa jahazi. Akasema ni kama matangazo ya ndoa kanisani. Majina yanasomwa, mwenye pingamizi anapewa muda, watu wakinyamaza ndoa inafungwa. Na pesa nayo imetangazwa, inasubiriwa mwenye pingamizi. Baba mdogo wa Nakijwa akataka kujua pingamizi hilo linafunguliwa wapi, Same au Moshi, na kama kulifungua kuna gharama. Aliuliza kwa hamu kubwa mno.

Kisha Baba Nakijwa akacheka. Alicheka mpaka akakohoa. "Huyu ndiye mkwe," akasema. "Shilingi ikiingia kwenye mfuko wa huyu, itatoka kwa amri ya mahakama. Binti yangu hatalala njaa." Wakakubali kusubiri wiki. Wakapiga makofi!

Sitadanganya, nilivimba kichwa. Pale kwenye benchi nilijiona mimi ndiye mtu pekee katika wilaya hii aliyewahi kusifiwa ukweni kwa kutokuleta mahari.

Nakijwa akaniletea sahani ya nyama. Hakukaa. Akasimama mbele yangu amejifunga khanga kiunoni, akasubiri nitafune.

"Hiyo ya haraka ilikuwa bei gani?"

Nikamwambia ukweli, kwa fahari kabisa. Kama kilo ya nyama.

Akaitazama sahani. "Hapo pana kama nusu kilo. Kama thamani yangu ni kilo, umeshanila nusu."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Nikishikwa na uchungu wa kujifungua, usiku, huku mlimani," akasema taratibu, "utaita gari, au utapima kwanza?"

Nikaendelea kutafuna. Hapa ndipo penye aibu yangu, na bora niiandike kuliko kulala nayo. Nilipokuwa natafuna, sikuwa natafuta jibu. Nilikuwa nawaza gari la usiku kutoka Vudee hadi hospitali ni bei gani. Na Nakijwa ananijua. Aliniona usoni nikipiga hesabu.

"Baba hana pingamizi," akasema. "Mimi ninalo. Na muda wangu ni huohuo, siku saba." Akachukua sahani, akaingia ndani. Nyama ilikuwa bado ipo.

Kushuka mlima, Mjomba alikuwa anaimba pambio kwa furaha, anadhani kazi yake imeisha salama. Sikumwambia. Nilikuwa naangalia simu, na simu inaonyesha vizuri kabisa siku na saa zilizobaki kwa pesa. Hiyo itafika, sina wasiwasi nayo. Siku za Nakijwa haizionyeshi. Nimempigia mara mbili hajapokea.

Nimeogopa leo. Nimeogopa kuliko kama ningeambiwa pesa yote imepotea. Nikimkosa huyu mwanamke kwa sababu ya kilo ya nyama, watu wa mikoa mingine watanisimulia kwenye vijiwe mpaka wajukuu zao, na safari hii watakuwa na haki.

Kesho Jumapili, ibada ikiisha, nitakuwa mlangoni kwao. Napanda kwa bodaboda, na bei ya kwanza atakayotaja dereva ndiyo nitakayolipa. Nitamwambia Nakijwa kuwa jibu ninalo: nitaita gari, na bei nitaiuliza tukishafika hospitali.

Hapana. Hata tukifika sitaiuliza.

Au niiulize tu, nisikie?