Ukungu Chini ya Tepu

Tarehe 3 Februari

Kwako shemeji,

Salamu nyingi sana. Mimi sijambo, ila kifua kinanibana kidogo, rangi za kupuliza si mchezo, unazijua mwenyewe. Sijui wewe huko mgongo unaendeleaje, na kama bado unalala upande mmoja. Naomba usiichane barua hii kabla hujafika chini.

Shemeji, tangu uondoke ni mimi ninayekalia kiti chako hapa karakana. Natengeneza ndege zile zile ndogo za plastiki, za kuwekwa kwenye madirisha ya ofisi na vyuo vya urubani. Juzi nilikuwa nabandua tepu kwenye kioo cha rubani, kwa kile kisu chako chembamba. Nikakiweka kisu chini. Nikasema, leo namwandikia.

Ile ndege ya chuo uliyoibandua mbele za wageni, ikatoka na kioo cheupe kama jicho lenye mtoto wa jicho, aliyeiharibu ni mimi.

Unakumbuka tepu nilikuwa nimeibandika mimi. Kila dirisha nimelikata kufuata fremu yake, kingo nimezishindilia kwa kijiti cha meno mpaka rangi isipate pa kupenya. Akaja mteja, yule mama wa chuo, akauliza kazi iliyonyooka hivi kafanya nani. Nikafungua mdomo niseme ni mimi. Ukanikata: "Huyu? Huyu tunamwita Gundi. Alijigandisha kidole kwenye bawa, tukataka kumuuza pamoja na ndege." Mama wa watu akacheka mpaka akapaliwa. Na mimi nilicheka. Huku moyoni nasema, utanitambua.

Ulipokwenda kunawa, ile gundi nyeupe uliyoshikizia kioo ilikuwa haijakauka. Nikakiinua, nikadondosha gundi kali ndani, nyuma ya kiti cha rubani, nikakirudisha. Ulinifundisha mwenyewe kwamba gundi ile ukiifungia chini ya kioo, mvuke wake unapanda, unaganda, kioo kinashika ukungu kwa ndani na hakifutiki tena. Na kwa kuwa juu kuna tepu, hakuna anayeona mpaka siku ya kubandua. Ukapaka rangi juu yake kwa utulivu kabisa, unapiga mluzi. Mimi nakutazama tu.

Nisamehe, shemeji. Sina zaidi.

Ni mimi shemeji yako


Tarehe 20 Februari

Gundi,

Salamu zimefika. Mgongo mzima. Umeniulizia mgongo, mbona hukuniulizia nyumba yangu?

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama. Miaka sita nimejiambia labda kweli nilikosea chupa, labda akili yangu imeoza bila mimi kujua. Fundi mzima nikawa naogopa kushika kioo. Kumbe ni wewe, uliyekuwa unakula mezani kwangu, nakuchagulia kipande kinono.

Lakini bado hujamaliza. Tone moja la gundi haliwezi kumtoa mke wa mtu nyumbani. Dada yako alijua zamani nilikuwa nakunywa na nikaacha, tukakubaliana nikirudia ataondoka. Siku ile alipokiona kioo hakuniuliza habari za gundi. Aliniuliza, "Kwa hiyo ni kweli jana ulikuwa unanuka pombe?" Jana yake nilishinda karakana na wewe, sikuonja kitu. Nani alimwambia? Kaa na swali hilo.

Nakutumia sanduku. Ndani kuna ndege, kioo nimekiziba kwa tepu na rangi nimeshapaka. Usiiguse peke yako. Mpelekee dada yako, kaa mbele yake, mwambie ulichofanya, chote, kisha ubandue akiwa anatazama. Ukimaliza niandikie mlichokiona.

Nimewaza sana nikukate mkono upi. Nimeona nikuachie yote miwili, upate ya kubandulia.

Aliyekuwa shemeji yako


Tarehe 9 Machi

Kwako shemeji,

Pole na majukumu. Huku hatujambo, dada naye hajambo, miguu tu inamsumbua akisimama sana.

Sanduku lilifika salama, halikuguswa. Nimefanya kama ulivyosema. Nimekwenda kwake, nimemweleza, amelia sana. Nikabandua. Shemeji, mkono wako haujazeeka! Kioo kinang'aa kama maji ya mtungi, na yule rubani ndani na kofia yake, mpaka vifungo vya shati vinahesabika. Dada ameiweka kabatini. Amesema yaliyopita tuyaache yapite, kila mtu aendelee na maisha yake.

Basi na mimi naona tumemaliza.

Shemeji yako akupendaye


Tarehe 18 Machi

Gundi,

Rubani gani mwenye kofia?

Sikuweka rubani. Sikuweka hata kiti. Kile kioo nilikitia gundi kali kwa ndani nikakifunga, kama ulivyonifunga wewe. Ungebandua hata kona moja ungekuta ukungu mtupu. Nilitaka ukione kikitoka mbele ya mtu unayemheshimu, mate yakukauke, usijue uweke wapi mikono. Na nilitaka kujua kama utaniandikia ukweli. Sasa najua.

Umemliza dada yako kwenye karatasi, ukamfuta machozi, ukampa na maneno ya kusema. Una kipaji, ungekuwa unatunga hadithi.

Nakupa mpaka mwezi uishe. Usipokwenda, nakuja mimi, na sitakuja nyumbani. Nitakuja karakana wateja wakiwa wamejaa, nikae kwenye kiti changu, nianze kusimulia. Unajua mimi kwa kuchekesha watu sishindwi.

Fundi wako


Tarehe 2 Aprili

Kwako shemeji,

Salamu. Hali yangu si nzuri, na si kifua.

Nilikwenda Jumapili. Dada alikuwa anapiga pasi. Nikaweka ndege juu ya meza, nikamwambia habari ya gundi, nikaanza kubandua. Kioo kikatoka cheupe kama ulivyosema, na mate yakanikauka kama ulivyotaka.

Dada akaweka pasi chini, akakitazama. Akasema, "Kwa hiyo bado anakunywa."

Nikamwambia hapana dada, kakiharibu makusudi. "Makusudi! Yule mtu aharibu kazi ya mikono yake makusudi? Amekupa nini uje unidanganye?" Akanivuta kola, akaninusa mdomo. Mimi! Akasema, "Mmeanza kunywa wote."

Shemeji, kisasi chako kilikuwa kinakurudia wewe mwenyewe. Ungetuma kioo safi angenielewa. Nilirudi nyumbani na ile ndege kwapani, na nakiri, nilifurahi kidogo. Nikasema, mimi nimeshasema, asiyeamini shauri yake. Halafu nikamkumbuka alivyoninusa. Hakufikiria kwanza, mkono ulikwenda wenyewe. Ndivyo alivyokuwa akikunusa wewe kila ukirudi, tangu siku ya kioo mpaka alipoondoka, na nimemfundisha mimi.

Kesho yake nikarudi na ile ndege, kioo kipya, tepu, na chupa ya gundi kali. Nikaziba kioo palepale mezani, yeye anatazama. Nikampa chupa, nikamwambia adondoshe yeye. Akadondosha, tukafunika. Hakuniamini hata hapo. Aliingiza ile ndege chumbani kwake, akafunga mlango, ufunguo akaufundika kwenye kitambaa chake cha kichwa, akaniambia nilale kwangu.

Asubuhi niliporudi akabandua mwenyewe, kipande kimoja kimoja, vidole vyake vizito havijui kazi hii. Ukungu ule ule. Akajaribu kuufuta kwa pindo la gauni. Akafuta tena. Haukutoka.

"Na harufu?" akaniuliza.

Nikaanza kuokota vipande vya tepu.

"Nakuuliza na harufu? Ni wewe uliyekuja jikoni ukaniambia, dada, usimwambie nimekwambia, lakini shemeji leo ananuka."

Nikasema nilidanganya. Swali uliloniambia nikae nalo, jibu lake ndilo hilo. Nilijua kioo peke yake hakitatosha, ungesema ni bahati mbaya na angekuamini wewe.

Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alichukua kipande cha ile tepu, kirefu, akanibandika mdomoni, akakishindilia kingo zote kwa kidole gumba. Akasema, "Hapa ndipo palipotakiwa kuzibwa." Kisha akanionyesha mlango. Nimepita mtaani hivyo hivyo, shemeji. Watoto wamenicheka. Sikukibandua mpaka nilipofika kwangu.

Amesema nisimwite dada tena, nikimwita hataitika. Anakuja huko kwako Alhamisi. Nilitaka kumbebea begi, akakataa.

Sasa kama yeye si dada yangu, wewe sijui ni nani wangu. Kwa hiyo nasaini jina ulilonipa.

Gundi


Tarehe 15 Aprili

Kwako shemeji,

Salamu. Kifua chako kipeleke kwa daktari, usikipuuze, na vaa barakoa unapopuliza rangi.

Amefika. Nilipofungua mlango nilipanua mdomo kabla hajasema neno, anuse kama zamani, yaishe. Akanifunika kwa kiganja. Tumesimama hivyo mlangoni mpaka jirani akauliza kama kuna mgonjwa.

Wewe sijakusamehe. Yeye pia bado hajakusamehe, na nimemwambia asiharakishe, hii ni hasira ambayo sitaki tuimalize upesi. Usije huku. Ukija tutafunga mlango.

Ila ukiandika barua, saini kama ulivyosaini ile ya kwanza. Mke amerudi, kwa hiyo cheo kimerudi, upende usipende. Mimi mwenyewe sikipendi.

Shemeji yako