Mchuzi Usioonjwa

Jumatatu, 7 Juni 1937

Nimenyonyoa jogoo tena. Nimemkata, nimempika kwa karanga, nimempeleka kwa baba mkwe nikiwa nimepiga magoti. Sisi wanawake tumekula ugali wa mtama na mlenda. Kama kawaida. Kama kawaida pia, chumvi imezidi. Ningejuaje? Kuku ni mwiko kwa mwanamke hapa, hata kulamba kidole ni kosa. Baba mkwe kasema mbele ya wageni wake kwamba mchuzi wa mkewe haujawahi kuharibika chumvi tangu amwoe, na wala haonji. Mama mkwe kainamisha kichwa, kachekelea. Nimeudhika.

Jumatano, 9 Juni

Kabula amejifungua. Huyu ni wifi yangu, amerudi kuzalia kwao kwa sababu mumewe yuko Geita kwenye dhahabu, kama mume wangu. Mtoto wa kike. Damu imetoka nyingi mno. Mama mkwe hajatia kitu kinywani tangu jana.

Ijumaa, 11 Juni

Muuguzi wa misheni amekuja kwa baiskeli. Kamfunua Kabula kope, ndani kweupe. Kasema apewe supu ya kuku na mayai kila siku, la sivyo maziwa hayatatoka na yeye mwenyewe tunaweza kumkosa. Muuguzi alipoondoka mama mkwe kauliza kama huyo hana wazee kwao. Mwanamke akila kuku anakuwa tasa, akila mayai atazaa mtoto asiye na nywele. Nikasema Kabula ameshazaa, na mtoto ana nywele tele. Nikaambiwa nina mdomo.

Kuku wamejaa uani. Nani anawapa pumba? Nani anawafukuzia mwewe? Sisi.

Jumapili, 13 Juni

Leo kanisani mwinjilisti alihubiri kwamba hakuna chakula kilicho najisi mbele ya Mungu, na kwamba mizimu haina kauli juu ya tumbo la Mkristo. Baadaye akaja nyumbani kumwombea mzazi. Nilifurahi, mjinga mimi. Nikajua leo Kabula anakula.

Nikaweka chakula, nikapiga magoti, nikamwuliza mwinjilisti mbele ya baba mkwe kama mzazi anaweza kupewa supu ile ya kuku. Alikuwa ameshashika paja.

"Mama Elia," akaniambia, "mambo ya jikoni ni ya kina mama wenyewe. Tusiwakwaze wazee."

Akatafuna. Akatafuna mpaka mifupa. Firigisi kala baba mkwe, kidari kala mtumishi wa Mungu, na Kabula kageukia ukutani, mtoto analia juu ya ziwa kavu. Alipoomba mwishoni sikuitikia amina. Na bado akaniambia chumvi imepungua!

Jumanne, 15 Juni

Mtoto anafyonza, hapati kitu. Tunampa maziwa ya ng'ombe kwa kijiko, anatapika. Kabula akisimama anaanguka.

Nimechoka kunyamaza. Nimemwambia mama mkwe wazi kwamba kesho nachinja yule tetea mweusi, na Kabula atakunywa supu, na kama ni kunirudisha kwetu anirudishe. Aliendelea kupepeta mtama.

Jumatano, 16 Juni

Nilipotoka nje tetea mweusi hayupo. Baba mkwe alikuwa ameshaondoka na ng'ombe kwenda mnadani. Jikoni mlango umerudishwa, moshi unatoka. Nikajua mama mkwe amempika kwa ajili ya wanaume kabla sijamgusa. Nikausukuma mlango nikiwa tayari kwa ugomvi.

Mama mkwe hakunitazama. Alichota mchuzi kwa upawa, akaupuliza, akaonja. Akatia chumvi kidogo. Akaonja tena, akaitikia kwa kichwa. Ni mkono uliozoea.

Miaka yote hii. Nimesemwa mbele ya wageni, naye yupo pale anachekelea. Nilitaka kumpigia kelele.

Akamimina supu kwenye bakuli, akampelekea Kabula mwenyewe, akamshika kichwa. "Kunywa, mwanangu. Ni dawa." Kabula akamtazama mama yake, kisha bakuli, kisha akanywa yote.

Mama mkwe akarudi jikoni, akanipa upawa.

"Wewe unatia chumvi kwa kubahatisha," akasema. "Onja kwanza. Halafu ufute mdomo."

Nimeonja. Ilikuwa sawa.

Maziwa bado. Lakini jioni Kabula alikaa mwenyewe, mgongo ukutani, mtoto mapajani. Mama mkwe nami tumeyakusanya manyoya meusi, tukayafukia nyuma ya zizi.