Boti ya Kumshangilia Javan

Kambi ya Baiskeli,
Oyugis.
Jumanne, kabla ya chakula cha mchana.

Kwa Baba yangu mpendwa, Mzee Zablon, kisiwani Remba,

Nakuamkia kwa heshima, Baba. Natumai barua hii itakukuta umeketi mlangoni pa duka, kikohozi cha mwezi uliopita kikiwa kimekuacha, na goti la Mama likimruhusu kushuka ufukweni bila kushikwa mkono. Huku tu wazima, isipokuwa kwa jambo moja linalomhusu ndugu yangu Javan, ambalo ndilo limenikalisha kuandika badala ya kupiga simu. Simu yako, Baba, hukatika kila ninapofika kwenye hoja, na sina hakika kwamba kosa ni la mtandao.

Kwanza nishukuru. Omena mliyotutumia ilifika ikiwa kavu na safi. Dolphine, yule msichana wa Kegonga anayeendesha baiskeli katika timu yetu, aliapa mwanzoni kwamba Wakuria hawali samaki wanaowakodolea macho kutoka kwenye sahani. Sasa ndiye anayelinda sufuria, na amenituma nimwombe Mama mfuko wake peke yake.

Nimesikia pia habari ya boti. Javan alinisomea ujumbe wako mara mbili: kwamba umeikodi kuwaleta watu wa Remba hadi Homa Bay Jumapili ya mashindano, kwamba wanakwaya wamekwisha kushona fulana zenye jina lake, na kwamba hata wale waliokuwa wakisema baiskeli ni chombo cha muuza mkate wameomba nafasi ya kuketi. Ni wazazi wangapi ambao mtoto wao aliposema ataishi kwa kukanyaga pedali hawakumwonyesha mlango? Wewe ulimwuliza tu kama baiskeli hizo zina breki. Nakushukuru kwa swali hilo, Baba, maana Javan hulisimulia kila mahali.

Uliniuliza kazi yangu hapa ni ipi hasa. Chuo kilipofungwa baada ya maandamano yetu ya kudai maji (na ahsante kwa kutoniuliza nilikuwa mstari wa ngapi), Bwana Onchiri, mwenye timu, yule mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Migori, alinichukua. Alisema alinisikia nikihutubia barabarani, akaona ni hasara sauti kama ile kuupigia kelele ukuta. Kazi yangu ni ratiba. Napanga nani ashindane wapi, lini asafiri, lini afanye mazoezi mepesi, na lini asiruhusiwe hata kuigusa baiskeli. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote.

Je, unamjua adui mkubwa wa mwendesha baiskeli? Si mlima! Si upepo wa ziwani! Si mpinzani aliye nyuma yake! Adui wake ni upendo wa watu wake! Nisamehe, Baba, nimeanza kuhutubia, naketi.

Lakini sikiliza yaliyotokea. Javan alishindana Eldoret, akaenda Kigali, akarudi Naivasha, ndipo nikampa wiki mbili za kupumzika. Niliandika kwa mkono wangu: kula, kulala, kutembea. Alipofika tu hapa Oyugis, chifu akamtaka azindue mbio za watoto wa shule. Kisha wenye msiba wakamwomba aongoze jeneza kwa baiskeli yake ya mashindano, kutoka mochari hadi nyumbani kwa marehemu, na barabara yenyewe ni mawe matupu. Angekataaje? Marehemu alikuwa mjomba wa mtu aliyewahi kumpa tairi. Halafu ikaja harambee ya paa la kanisa, ambako watu walishindania nafasi ya kupigwa picha naye hadi giza likaingia. Ratiba yangu ilikuwa nzuri sana, Baba. Tatizo ni kwamba hakuna aliyeisoma.

Waendeshaji hupima mapigo ya moyo asubuhi kabla ya kuinuka kitandani. Ya Javan yakawa juu kila siku, kama ya mtu aliyekuwa akifukuzwa usingizini. Akaacha kumaliza chakula. Akamgombeza Dolphine kwa sababu ya kijiko, yeye ambaye hajawahi kugombana hata na mbu wa Remba.

Alhamisi iliyopita, mapumziko hayo ya jina tu yakiwa yamekwisha, yeye na Dolphine walikuwa mazoezini wakipanda kilima cha kuelekea Kegonga. Javan akashuka, akailaza baiskeli majanini, akaketi. Dolphine alidhani ni mzaha, akamwuliza kama watu wa visiwani hawawezi kupanda mlima bila kupewa kasia. Alipomkaribia akaona analia. Nilipofika kwa gari, Javan aliniambia hana maumivu popote, ila miguu imeacha kuwa yake. Dolphine alikuwa amemfunika kwa jaketi lake na amekataa kuendelea na safari, ingawa mama yake alikuwa akimsubiri juu ya kilima akiwa na uji.

Daktari alisema waziwazi kwamba huo ni uchovu wa mwili mzima. Akishindana katika hali hii anaweza kuupoteza msimu wote, na timu ya taifa inachaguliwa Septemba.

Jana nikaenda Migori. Bwana Onchiri alinikaribisha kwa jina la kejeli analonipa, Mheshimiwa, akaniuliza leo nimekuja kuandamana juu ya nini. Nilipomweleza, akasema picha ya Javan imebandikwa kila nguzo kuanzia Rongo hadi Homa Bay, kwamba kijana wa miaka ishirini na mitatu hajui uchovu ni kitu gani, na kwamba atapumzika baada ya Jumapili. Baada ya Jumapili! Unajua, Baba, mapumziko yote ya maskini hupangwa baada ya Jumapili.

Ndipo nikauona mnyororo anaofungia mlango wa duka. Yeye ni Msabato kama sisi. Nikamwuliza kwa nini duka lake hufungwa Ijumaa jua linapozama, hata kama mkandarasi amesimama mlangoni na lori. Akajibu kwa ukali kwamba Mungu ameamuru. Nikamwuliza kama Mungu aliamuru misumari na saruji zipumzike, akaisahau miguu ya Javan. Wafanyakazi wake wakaangua kicheko. Mmoja akamwambia bosi wake kwamba hapo ameshikwa. Onchiri naye akacheka mpaka akavua miwani, akasema kesho atakwenda kukifungua chuo kwa mikono yake ili nirudishwe huko.

Hoja ile si yangu, Baba. Nilipokuwa kidato cha tatu nilisimama katikati ya duka letu nikakuhutubia: Remba hailali, boti za Jumamosi zinawapa wateja majirani, mlango uliofungwa ni kujisalimisha. Ulinipa kigoda, ukaniambia, nyathina, mwanangu, njoo tuketi nje. Kila mteja aliyefika ulimwambia neno lile lile kwa upole. Nilinuna mchana mzima, na hadi leo sijawahi kuamka nikiwa mwepesi kama nilivyoamka kesho yake. Ndiyo hoja pekee niliyowahi kushindwa bila mtu kunibishia. Ero kamano, Baba. Nimechelewa kushukuru, lakini nashukuru kwa moyo wote.

Sasa nifike kwenye lile nililolizunguka kurasa zote hizi. Onchiri alikubali kwa sharti moja: kwamba habari hii uipate kwangu, maana yeye hawezi kusimama mbele ya boti nzima ya watu wa Remba. Basi naisema. Jumapili Javan hatashindana. Ni mimi niliyeliondoa jina lake. Yeye mwenyewe alinisihi nisifanye hivyo, si kwa ajili ya nishani bali kwa ajili ya fulana zile. Alisema ni afadhali atambae mbele yako kuliko utazame barabara tupu. Nikamjibu kwamba baba yetu hakukodi boti ili aje kumwona mwanawe akianguka. Kama nilikusemea vibaya, hasira yako na inifikie mimi. Tangu nilipomwambia jana jioni, amelala. Adhuhuri inakaribia na hajageuka upande wa pili.

Tafadhali, usiifute boti. Njooni nyote na fulana zenu. Dolphine atashindana, na watu wa kwao hawataweza kufika. Mshangilieni mpaka ziwa lisikie. Msalimie Mama, wanakwaya, na majirani wote wanaoniombea nipunguze maneno.

Jioni boti ikirudi, mchukue Javan. Mpe kile kigoda, kando yako. Asivute wavu, asizindue chochote, asiongoze jeneza la mtu yeyote. Na kila atakayefika kumtaka, mjibu kwa upole, kama unavyowajibu wateja wa Jumamosi: leo tumefunga.

Mimi bintiyo mwenye makelele na shukrani,
Lynnet