Mshipa Unaotibiwa Kila Alhamisi

Nachingwea, Ijumaa, Novemba 2008

Joto la leo halina adabu. Mawingu yanajikusanya upande wa Ruangwa, yanatutia tamaa ya mvua, halafu yanatawanyika kama watu walioambiwa mkutano umeahirishwa. Nimekaa nyuma ya mashine ya fotokopi najipepea kwa kipande cha boksi. Umeme upo, intaneti inakokota miguu, wateja hakuna. Basi niandike, maana nisipoandika nitapasuka.

Shajara yangu, mume wangu amekuwa mtu mzuri, na mimi sina amani.

Kwa anayeingia humu kwenye blogu yangu kwa mara ya kwanza: Baba Shakila ni fundi baiskeli, kibanda chake kiko karibu na soko, hatua chache kutoka hapa dukani kwangu. Mwaka tisini na tisa alikuwa amekaa juu ya lori la korosho na mdogo wake, Issa, wanatoka Mbekenyera. Breki zikashindwa kwenye mteremko, lori likapinduka, magunia yakawafunika. Issa alitolewa amekufa. Mume wangu alitolewa mzima, hata mfupa mmoja haukuvunjika, na watu wakasema Mungu mkubwa. Hiyo ndiyo habari yote niliyokuwa naijua. Nikiuliza zaidi alikuwa anainuka na kutoka nje.

Mzima! Mzima gani huyo? Tangu siku ile hapandi gari. Shuka zito hataki. Ukimgusa kwa nyuma anageuka ngumi imeshakunjwa. Chakula kinamkataa. Siku nyingine anafoka kwa sababu ya kijiko, siku nyingine anakaa kwenye mkeka macho wazi, unamwita haitiki, mikono imepoa. Tulitibu vidonda vya tumbo. Tukatibu majini. Mganga mmoja wa Chunyu alimchanja mgongo mzima, akapona chale zenyewe tu. Watoto wangu wamejifunza kunyata ndani ya nyumba yao wenyewe.

Mwezi wa nane zikaanza safari za Ruangwa. Kila Alhamisi alfajiri anapanda baiskeli, analala kwa dada yake Somoe, Ijumaa anarudi kuwahi swala. Nikamuuliza anafuata nini huko. Akaangalia chini akasema, "Mambo ya mshipa, Mama Shakila."

Nikanyamaza papo hapo. Huku kwetu mwanaume akikwambia anaumwa mshipa, humuulizi mshipa gani. Ni ngiri, ni mambo ya chini ya kitovu, ni heshima ya mtu. Mke mwenye akili anatazama pembeni na kutafuta dawa. Nikatafuta. Nilipata mizizi kwa bibi mmoja wa Kimakua sokoni, nikawa naichemsha na kuichanganya kwenye uji wake bila kumwambia. Alikuwa anakunja uso na kumaliza bakuli. Siku moja akasema ulezi wa mwaka huu una uchungu.

Kisha akaanza kubadilika.

Kwanza alianza kula. Halafu akaanza kucheka na watoto. Halafu nikamkuta kibandani anaguna wimbo usio na maneno, mmmmm, huku anaziba pancha, na mteja anasubiri na yeye hana haraka. Alhamisi ananyoa ndevu. Ijumaa anarudi na uso mlaini, mabega yamelala, sauti ya chini. Mizizi ya ngiri haifanyi hivyo. Sasa mume anayerudi ametulia, ametulizwa na nani?

Machale yakanicheza. Nikampigia wifi yangu Somoe, nikazungukazunguka, mwishoni nikauliza. Somoe hajui kuficha. "Wifi," akasema, "kaka akifika hapa anaoga, anavaa shati safi, anapotea mpaka jioni. Na mimi najiuliza, mshipa watu wanapasuliwa siku moja yanaisha. Huu wa kutibiwa kila Alhamisi ni mshipa gani?"

Nyumba ndogo. Hakuna jina lingine. Niliona kila kitu: mwanamke wa Ruangwa, mnene kiasi, anajua kupika, anamwimbia. Kilichoniuma si kwamba ana mwanamke. Kilichoniuma ni kwamba huyo mwanamke alikuwa ameweza.

Jana nikafunga duka. Niliwaacha watoto kwa jirani, nikapanda pikapu ya mizigo, nikafika Ruangwa vumbi limenijaa mpaka kwenye kope. Somoe alikuwa ananisubiri barabarani kama askari. Alinionyesha njia aliyopita kaka yake, akataka kuja, nikamkatalia. Aibu yangu niione mwenyewe.

Baiskeli yake niliikuta imeegemea ukuta wa darasa la chekechea. Dirisha halina kioo. Nikasogea, nikatega sikio.

Nikasikia sauti ya mwanamke.

"Toa pumzi, baba. Taratibu. Usiiharakishe, haikudai."

Nikakaza kanga kiunoni. Halafu nikasikia wengine, wanaume kwa wanawake, wote wanaguna pamoja, mmmmm, kama mzinga wa nyuki. Hapo wivu ukageuka woga. Hii ni dini gani? Si zikri ninayoijua, na si kwaya ya kina Anastazia jirani yangu. Nikachungulia. Watu wazima wamekaa kwenye viti vya watoto, magoti yamefika kifuani, kila mmoja ameshika koo lake. Mbele yuko mama wa Kimakonde mwenye mvi, nesi aliyestaafu kama nilivyokuja kuambiwa, jina lake Mama Kasiani. Na mume wangu kwenye kiti cha bluu.

Mama Kasiani akamuuliza kama leo anaweza. Akasema anaweza. Akapumua, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayesimulia habari ya shambani:

"Issa aliniita. Hanioni, simwoni, ni giza tupu. Akasema, kaka, huu mkono ulionishika ni wako? Mimi mikono yangu yote miwili ilikuwa imebanwa na magunia, hata kidole sichezeshi. Nikamwambia ndiyo, ni wangu. Akasema basi usiniachie. Nikasema sikuachii. Tukaongea, tukaongea. Yeye akaacha kujibu, mimi nikaendelea. Mpaka leo sijui ulikuwa mkono wa nani."

Nililia pale dirishani, tena kwa sauti. Ndivyo walivyonikamata.

Mama Kasiani hakuniuliza mimi ni nani. Alitoka, akanishika kiwiko, akaniketisha kwenye kiti kimoja cha chekechea nilichodhani kitavunjika. Baba Shakila aliniona, uso ukambadilika. Mimi, kwa kuchanganyikiwa, nikatamka la kwanza lililonijia mdomoni. Nikasema nilidhani ni ngiri, na kwamba tangu mwezi wa nane namnywesha dawa kwenye uji.

Mzee mmoja akaanza kucheka, wakafuata wengine, na mume wangu akashika tumbo akasema, "Kumbe ule si ulezi!" Akacheka mpaka machozi. Mama Kasiani naye akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Si ule mushipa wa huko chini, mwanangu," akasema. "Huu unaanzia huku kisogoni, unashuka shingoni, unapita kwenye moyo, kwenye mapafu, unaishia tumboni. Wenyewe wanauita vegasi. Ati maana yake ni mzururaji."

Jina lenyewe linatia mashaka. Mzururaji! Nimemfuata mzururaji mmoja, nimekuta wawili.

Akanieleza. Mtu akiona hatari mwili unamwandaa apigane au akimbie. Akibanwa kabisa, hana pa kwenda, mwili unajizima, kama panya mdomoni mwa paka. Hatari ikipita unatakiwa uwake tena. Wa mume wangu uliwaka nusu: mara unapiga kengele hakuna mwizi, mara unajizima mchana kweupe. Huwezi kuuambia kwa maneno kwamba magunia yameshaondolewa, kwa sababu hausikii maneno. Pumzi ndefu ya kutoka nje unaisikia. Mguno wa kooni unausikia. Sauti ya mtu mpole, uso usio na vitisho, hivyo vyote unavisikia.

Nilimsikiliza kwa adabu na sikumwamini. Alijifunza kwenye semina fulani, anasema, na akaona ni dhambi kukaa nayo. Hauzi dawa. Haombi sadaka. Hataki mtu abadili dini. Hilo ndilo lililonitia wasiwasi zaidi, maana asiyetaka kitu huwa sijui nimshike wapi.

Jioni nikarudi na pikapu, yeye akabaki kwa dada yake kama kawaida.

Leo asubuhi kabla ya wateja nimesoma. Intaneti ilifungua ukurasa mmoja kwa muda wa kupika maharage, lakini nimesoma. Mshipa upo, huo haubishaniwi. Unapunguza mwendo wa moyo, unasaidia tumbo kusaga chakula, na habari nyingi zinapanda kutoka tumboni kwenda kichwani kuliko zinazoshuka. Kwa hiyo chakula kumkataa hakukutokana na kidonda wala jini. Kuvuta pumzi kunaharakisha moyo kidogo, kuitoa kunautuliza, na hilo unaweza kulipima mwenyewe kwa kidole shingoni. Zaidi ya hapo wataalamu wanavutana. Wengine wanausifu kama mkwe mpya, wengine wanauliza kwa nini mshipa mmoja wa fahamu ubebeshwe mizigo ya dunia nzima. Mimi niko na hao wa pili. Mama Kasiani ana uhakika mwingi mno kwa mtu wa semina moja.

Nilijaribu pia. Nimeweka kidole shingoni, nikatoa pumzi taratibu. Katikati nikasikia pikipiki inapunguza mwendo nje na kichwa kikageuka chenyewe kuangalia nani. Nikaanza upya. Mlango wa jirani ukabamizwa, nikaruka. Mabega yangu yalikuwa karibu na masikio. Niliyashusha, nikahesabu bei za karatasi, nikayakuta yamepanda tena.

Sikupenda nilichokiona, nikaacha.

Lakini kuna kitu kinanichoma na si mshipa. Miaka yote hii nimemfulia, nimempikia, nimemwombea, nimekesha naye. Nilistahili kuambiwa habari ya ule mkono. Badala yake ameipeleka kwa watu wa Ruangwa, wengine hata majina yao hayajui. Jana nilienda kutafuta mwanamke mmoja nikakuta chumba kizima kinamjua mume wangu kuliko mimi. Heri angekuwa mwanamke. Ningejua namna ya kugombana naye.

Amerudi kabla ya swala, vumbi mpaka magotini. Alipotoka msikitini nilimwekea chakula, wali na mchicha wa nazi, watoto wakatoka kwenda kucheza. Nilikuwa nimejiandaa kugomba. Nilikuwa na maneno yamepangwa tangu jana. Mdomo ukatoa moja tu.

"Kwa nini si mimi?"

Hakuinuka kutoka nje. Hilo peke yake ni jipya. Alitafuna, akameza, akaniangalia.

"Nilikuwa naangalia uso wako, Mama Shakila," akasema. "Kila nikitaka kusema, nakuta uso wako umeshajiandaa. Kama mtu anayesubiri sufuria ianguke. Wale kule hawanijui. Hawana la kusubiri."

Nikataka kujibu kwamba si kweli. Nikataka kumwambia uso wangu ndivyo ulivyo, nimeurithi kwa mama yangu. Lakini mikono yangu ilikuwa imeshika ukingo wa mkeka, na yeye akaiona.

Ni kweli. Nikisikia baiskeli yake inaingia uani, najua kabla hajateremka kama leo ni siku ya kufoka au ya kujizima. Najua kwa jinsi anavyoegemeza baiskeli. Naweza kuwaambia watoto waende kwa jirani bila kufungua mdomo, kwa jicho tu. Niliita hiyo hekima ya mke. Hata jana nilipomfuata Ruangwa nilidhani ni wivu, na huenda ilikuwa kazi yangu ileile ya kila siku, kuangalia hatari inatokea upande gani. Amepata nafuu, mimi nikatafuta ubaya uliojificha ndani ya nafuu. Bado nautafuta. Hata sasa ninapoandika, nusu yangu inasema ngoja, itarudi, usilegee.

Mama Kasiani aliniambia jana, nikiwa napanda pikapu, kwamba Alhamisi nije na mimi. Nikamwambia siumwi. Akasema, "Haya, mwanangu," kwa namna ambayo ilinikera njia nzima.

Sasa nifike kwenye kilichonileta hapa kuandika badala ya kufunga duka nikapumzike.

Alipomaliza kula alisogeza sahani pembeni. Hakunisogelea, alibaki alipo, mikono yake iko wazi juu ya magoti pale ninapoweza kuiona. Nadhani alifanya makusudi. Akauliza polepole, "Unaniogopa?"

Nilisema hapana.

Nilisema haraka mno, kabla hajamaliza neno, nikachukua sahani nikaenda kuiosha. Nyuma yangu nikamsikia anasema ahsante, kwa sauti ya mtu aliyepewa kitu anachojua si chenyewe, na anakipokea kwa sababu aliyempa anampenda.

Ameshaenda kibandani, na mimi nimerudi dukani. Ninamsikia kutoka hapa anaguna, anagonga rimu.

Kesho asubuhi, kabla watoto hawajaamka, nitakaa naye mkeka mmoja. Nitamwambia ndiyo, nakuogopa. Halafu sitainuka.