Pipa la Maji ya Kukandia

Ifakara, Mei 1956

Kaka Polikarpo,

Shikamoo. Tumeanza kuvuna. Dada Eufrasia amejifungua salama, mtoto wa kiume.

Uliagiza kutoka huko mkongeni tusibadilishe pipa la kuchemshia maji mpaka uje, eti kumbukumbu ya babu. Baba akakusikiliza wewe, si mama. Jana kitako cha pipa kilitoboka motoni, maji yakamuunguza mama miguu akichota ya kumkandia dada.

Baba akasema, "Lizibwe tu, Polikarpo atakuja."

Unajua nilivyo na haya. Lakini nilimjibu: "Basi na mzazi amsubiri Polikarpo aje kumkanda!"

Nakuungamia kabla ya padri: pipa nimelipasua kwa shoka, lisizibike tena.

Mdogo wako mwenye hasira,
Scolastica