Bolti ya Gari la Baba Yako

Lobule, Koboko,
Wilaya ya Arua.
20 Julai 1992.

Mpendwa mwanangu Sitti,

Assalaam aleikum. Naomba Mungu barua hii ikukute wewe na mume wako Sulaimani mkiwa wazima huko Nairobi, na huyo mgeni wenu mdogo awe ananyonya na kulala vizuri. Kile kifua ulichoandika kwamba kinambana, kimepona? Mama yako mdogo Driciru anasema umpake mafuta ya simsim yaliyopashwa moto kidogo, asubuhi na jioni, na usimwogeshe nje upepo ukivuma.

Sisi hapa ni wazima. Mgongo unanisumbua nikiinama shambani, lakini si sana. Mvua imekuja vizuri, mihogo imesimama, na karanga tumeng'oa nusu. Habari za mama yako nitakueleza hapa chini. Usishtuke. Yuko hai, anaongea, na anakula.

Barua yako ya mwezi wa tano niliipata. Tulishangilia mtoto, Driciru alipiga vigelegele hadi majirani wakaja. Kisha nikafika pale ulipoandika kwamba wazee wa Sulaimani walitaka mtoto aitwe Dumo kwa jina la babu yake, kaka yangu aliyekuzaa, nawe ukakataa. Uliandika, "Siwezi kumpa mwanangu jina la mtu aliyetuacha porini akabaki na gari." Karatasi ile nimeikunja na kuikunjua hadi imechanika. Sikukujibu haraka kwa sababu jibu lake nilikuwa nalo, na sikuwa na moyo wa kuliandika.

Sasa habari ya mama yako. Mwisho wa mwezi uliopita aliteleza kisimani, mfupa wa paja ukavunjika. Hospitali ni Arua, na mtu wa namna ile hawezi kukaa kwenye basi. Jirani yetu Loro, yule mchuuzi wa mihogo, ana pikapu ya Peugeot iliyokuwa imelala nyuma ya nyumba yake mwezi mzima. Nilimwendea. Akaniambia, "Gari iko, lakini haitembei. Bolti ya mbele ya injini inafunguka. Fundi alienda Arua, hajarudi. Watu wanasema wewe zamani ulikuwa fundi, Kamisi. Ukifunga hiyo, chukua, peleka mama."

Wewe umenijua kama mkulima. Tangu ulipokuwa mdogo hujaniona nimeshika spana. Lakini kabla ya vita nilifanya kazi miaka saba katika karakana moja Nakuru, na ndiko nilikojifunza kuandika Kiswahili hiki unachokisifu. Niliporudi Arua, mimi ndiye niliyekuwa nikitengeneza gari la baba yako. Tangu Oktoba 1980 sikugusa injini tena. Watu wa hapa hunicheka kwa sababu gari likipita barabarani ninaacha maneno katikati na kusikiliza. Hawajui ninachosikiliza. Ninasikiliza kama mbele ya injini kuna kitu kinagonga.

Nilikwenda kwa Loro asubuhi. Bolti yenyewe ndiyo inayoshika puli kubwa ya mbele, ile inayozungusha mkanda wa feni. Niliisafisha kwa petroli, nikaondoa kutu kwa waya, nikaiingiza kwa mkono hadi ikakataa. Nikatia gia ya nne, Driciru akapanda ndani akakanyaga breki kwa miguu miwili ili injini isizunguke. Breki zilikuwa zimechakaa. Kila nilipovuta spana, injini nzima ilizunguka pamoja nayo, na bolti haikukaza hata kidogo.

Nikasikia sauti ya baba yako nyuma yangu, waziwazi, kama ya mtu aliyesimama mlangoni. "Imekaza?"

Niligeuka. Hapakuwa na mtu, ila kuku wa Loro wakiparura. Nikaangusha spana nikaenda nyumbani. Driciru alinifuata akaniuliza nimeona nini. Nikamwambia ni jua.

Mwanangu, sasa nikueleze Oktoba ile.

Wiki moja kabla watu hawajaukimbia mji wa Arua kwa sababu ya vita, nilibadilisha cheni ya injini ya gari la baba yako, pale uani kwetu. Kazi ikiisha lazima puli irudishwe na bolti yake ikazwe kwa nguvu kubwa sana, huku injini imezuiwa isizunguke. Nakuru tulikuwa na chuma cha kuizuia na spana ya kupimia nguvu. Uani sikuwa na kitu. Nilivuta, injini ikazunguka. Nikavuta tena, ikazunguka. Nilikuwa nimechoka, nina njaa. Baba yako akatoka na kikombe cha chai akaniuliza, "Imekaza?" Nikamjibu, "Imekaza." Nilijua haijakaza. Nilijiambia nitairudia kesho, na kesho sikuirudia.

Siku ya kukimbia tulipanda watu kumi na tisa kwenye pikapu hiyo ya baba yako. Wewe ulikuwa na miaka tisa, umelala mapajani mwa mama yako, unawaka malaria. Kabla ya daraja dogo la njia ya Koboko nikasikia kitu kinagonga mbele. Mkanda ukaruka, maji yakachemka, injini ikazima. Nyuma yetu, upande wa Arua, bunduki zilikuwa zinalia. Baba yako akafungua boneti, nikainama pamoja naye. Bolti ilikuwa imetoka nusu. Aliitazama, kisha akanitazama mimi. Uso wake haukuwa na hasira, na hicho ndicho kinachoniua.

Mwanamume mmoja miongoni mwa abiria, mtu mkubwa aliyekuwa askari, akaruka chini na panga mkononi. "Nani alifunga hii gari? Nani anataka kutuua hapa?"

Nikainamia tena injini. Baba yako akasema kwa nguvu, kila mtu akasikia, "Mimi mwenyewe nilifunga. Kosa ni yangu. Nyinyi shukeni, fuateni njia ya miguu, Zaire ni siku mbili tu. Mimi gari yangu siachi."

Hayo ndiyo uliyoyasikia katika homa yako, na mama yako pia aliyasikia. Maneno hayo ndiyo mliyoyabeba hadi Zaire.

Ambayo hamkuyasikia ni haya. Watu walipoanza kushuka, na mama yako ametangulia na mzigo kichwani, baba yako alinivuta shati akaniambia polepole, "Sitti hawezi kufika huko kwa miguu, na wewe huwezi kumbeba siku mbili. Injini ikipoa nitafunga hii, nizunguke na barabara ya magari, niwakute mbele. Mbebe mpaka hapo."

Nilipaswa kumwambia, ondoka, nipe spana, hii ni kazi yangu. Mimi ndiye fundi. Yeye alijua kuendesha tu. Badala yake nilikuweka mgongoni nikaondoka. Tena kuna jambo ambalo hadi mwezi uliopita sikumwambia mtu yeyote: nilifurahi kuondoka. Miguu yangu ilikuwa myepesi. Hatujafika mbali tukasikia risasi upande wa darajani. Sikusimama.

Tuliporudi kutoka Zaire mwaka 1986 nilikwenda pale peke yangu. Gari lilikuwa limebaki mifupa, halina magurudumu wala milango, majani yameota ndani. Niliingiza mkono mbele ya injini nikaishika ile bolti. Ilikuwa imeingia yote. Nikajaribu kuigeuza, haikusogea. Labda baba yako alikuwa amemaliza kuifunga, anakuja. Labda ni kutu tu. Nimeishi na maswali hayo mawili miaka sita, Sitti, na sitajua kamwe. Watu wa pale walinionyesha tuta kando ya barabara. Walisema walizika watu watano, hawakuwajua majina.

Nirudi kwa mama yako. Siku ile niliyoangusha spana, jioni majirani walijaribu kumlaza kwenye kitanda cha kamba na kumfunga juu ya baiskeli. Alipiga ukelele ambao nadhani ulifika Ludara. Wakamrudisha ndani. Alfajiri nilimwamsha Driciru nikamwambia, "Leta kamba ya pamba, ile nzito. Leta na jerikeni."

Nilifungua plagi ya silinda ya kwanza, nikasokomeza kamba ndani kupitia tundu lake, nikaacha ncha yake nje. Nikazungusha injini kwa mkono polepole hadi pistoni ikapanda ikaibana kamba juu. Basi, injini ikasimama kabisa. Haikuweza kuzunguka tena, wala hapakuwa na chuma cha kuumiza kitu humo ndani. Kamba laini tu. Ningeweza kufanya vivyo hivyo Arua. Kamba ilikuwapo, ya kuanikia nguo, hatua tano kutoka nilipokuwa nimepiga magoti.

Nikachomeka bomba la maji kwenye mkono wa spana, nikapima mita moja kutoka kwenye bolti kwa utepe wa fundi cherehani, nikalitia alama. Nakuru tulikuwa tukiikaza bolti ya namna ile kwa uzito wa kilo kumi na saba kwenye mkono wa mita moja. Nikaning'iniza jerikeni tupu pale kwenye alama, Driciru akaanza kumimina maji kwa kopo la lita, maana lita moja ya maji ni kilo moja. Alipofika lita ya tisa bomba lilishuka, bolti ikalia kama mlango. Nikarudisha bomba juu, likalala sawa na ardhi, tukaendelea. Driciru alikuwa anahesabu kwa sauti. Kwenye ya kumi na sita likasogea upana wa kidole, na kwenye ya kumi na saba likatulia.

Driciru akauliza, "Tayari?"

Neno "imekaza" nililomwambia baba yako halikunitoka. Nilichora mstari kwa msumari kutoka kwenye kichwa cha bolti hadi kwenye puli, nikamwambia, "Tazama mwenyewe. Mstari huu ukikatika, imelegea." Kisha nikaivuta kamba nje na kurudisha plagi.

Tulimlaza mama yako kwenye godoro nyuma ya pikapu, Driciru akakaa naye. Nilisimama mara tatu kutazama mstari. Mara ya nne miguu yangu ilisimamisha gari bila mimi kupanga, na nilipoangalia, tulikuwa darajani. Mama yako akaita, "Kamisi! Unasimama simama nini? Gari iko na nini?"

Nikashuka, nikashika ubavu wa gari, nikamweleza yote kama nilivyokueleza wewe. Hata ile habari ya miguu myepesi. Driciru alinitazama kama mtu asiyenijua. Mama yako aliuliza swali moja tu.

"Alisema Sitti?"

"Alisema Sitti."

Akajifunika kitambaa usoni. "Endesha," akasema.

Hospitalini walimfunga mguu, na daktari anasema atalala hapo miezi miwili. Siku tano hakusema nami. Siku ya sita aliniita kitandani. "Zaire kule, kila siku nilimtukana yule mutu. Mbele ya mtoto wake. Wewe ulikuwa umekaa hapo, unakula chakula yangu."

"Ndiyo, shemeji."

"Andikia mtoto. Andika yote. Usijifichie kitu. Mimi sitakufanyia hiyo kazi."

Chakula nikipeleka mimi hakigusi. Akipeleka Driciru anakula. Siku nikiwa Arua ninakaa kwenye baraza ya wodi hadi jioni, pengine atahitaji maji. Juzi alimtuma Driciru kuniuliza kama nimeandika. Nikasema bado. Leo nimeandika.

Sitti, sikuombi ubadilishe jina la mtoto. Jina la mwanao ni lako na Sulaimani. Sikuombi unisamehe pia. Ninachokuomba ni usijibebeshe jambo hili mwenyewe. Ulikuwa mtoto mgonjwa. Aliyesema uongo ni mimi, na aliyenyamaza karibu miaka kumi na miwili ni mimi. Ukija kumwona mama yako, Loro atakupeleka hadi kwenye tuta. Kama hutaki niwe garini, nitabaki nyumbani.

Driciru anakusalimu, na Loro pia, ambaye pikapu yake sasa inatembea kila siku ya soko. Msalimie sana Sulaimani na wazazi wake, na umbusu mtoto kwa niaba ya bibi yake. Mama yako anasema unitumie picha ya mtoto, hata ndogo. Alisema "mtumie Driciru," lakini sanduku la posta ni moja.

Kuna jambo nililoliacha huko juu. Baba yako alikuwa na chupa mbili za maji, amezibeba kwa ajili ya kujazia rejeta, na injini ilikuwa imekauka. Nilipokuweka mgongoni alinipa zote mbili. Nikamwuliza, na gari? Akasema atachota mtoni, wewe una kiu. Uliyanywa njia nzima, na tulipovuka mpaka homa ilikuwa imeshuka.

Mungu akulinde wewe na nyumba yako, na amkuze mtoto huyo katika nchi yenye amani.

Ni mimi baba yako mdogo, akupendaye,

Kamisi